UZI: Kabla hujachanganya siklidi kwenye tangi moja, ulizia kwanza wanaishi wapi ziwani na wanakula nini

#1 Mwana wa Kibirizi

Wakuu habari zenu.

Jumapili niliitwa Tabata na kijana mmoja nikamwangalizie tangi lake. Lita 200 hivi, kioo safi, taa ya bluu, mawe yamepangwa kwa mapenzi. Ndani kulikuwa na oska mmoja mkubwa kama kiganja, auratus wanne, frontosa watatu wadogo, labido wa njano watano na samaki wa dhahabu wawili. Wote alinunua siku moja, duka moja, na muuzaji akamhakikishia kuwa wanaelewana. Nilipofika samaki wa dhahabu mmoja alishakufa, wa pili hana mkia, frontosa wote watatu wamejibana nyuma ya filta wanahema, na auratus dume kalimiliki tangi zima. Kijana anauliza kama maji yana sumu.

Tulipima, maji yalikuwa salama. Shida ni kwamba oska ni wa mito ya Amerika Kusini yenye maji laini, auratus na labido ni wa Ziwa Nyasa, frontosa ni wa Tanganyika, na samaki wa dhahabu asili yake ni China na anapenda maji ya baridi. Hakuna hata jozi moja pale iliyopangwa kwa kufikiria. Inaniuma kwa sababu kijana alikuwa na nia nzuri na ametoa pesa nyingi.

Kwa wageni: siklidi ni ukoo uleule wa sato na perege mnaowala. Ila maziwa yetu makubwa yamezaa aina zake kwa mamia. Tanganyika lina zaidi ya 200, Nyasa na Victoria kila moja ni mia tano na zaidi, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Wazungu wanazifuga vyumbani mwao kwa miongo mingi, sisi wenye maziwa ndiyo kwanza tunaanza kuzijua.

Nimekulia Kigoma. Utotoni tulikuwa tunazama na miwani pale kwenye mawe, na ukitulia dakika tano unaona jambo ambalo dukani hutaambiwa: kila samaki ana mtaa wake. Wapo wanaokwangua mwani juu ya mawe kutwa nzima. Wapo wa mchangani waliohamia ndani ya makombe ya konokono. Wapo wanaoelea kwa makundi mbele ya mwamba wakidaka vidudu vya maji, ndio cyprichromis. Na ukishuka mita 20, 30, kwenye giza, ndiko kwa frontosa, mwenye nundu kichwani na mistari kama wa jela, anatembea taratibu. Alfajiri anapanda kuwala walewale wa makundi wakiwa bado wamezubaa na usingizi.

Sasa hebu fikiria duka linakuuzia frontosa pamoja na cyprichromis kwa sababu "wote ni wa Tanganyika". Ni kweli wote ni wa Tanganyika. Mmoja ni chakula cha mwenzake.

Kwa hiyo mimi naomba rangi liwe swali la mwisho. La kwanza: huyu ziwani anakaa wapi? La pili: anakula nini? La tatu: dume wake ana hasira kiasi gani, na anamkasirikia nani? Ukipata majibu hayo matatu, zaidi ya nusu ya vifo vya siklidi hutaviona. Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

---

#2 mama_vioo

Asante sana mkuu. Mimi niko Mbezi, nina tangi la futi nne, 120 kwa 45 kwa 45, maana yake kama lita 240. Nataka rangi nyingi kwa ajili ya watoto. Nimependa wale wa njano na wa bluu wenye mistari, halafu na wale wenye rangi za tausi. Inawezekana?

---

#3 Mwana wa Kibirizi

Dada mama_vioo, hapo umetaja makundi mawili ya Ziwa Nyasa ambayo watu wengi wanayachanganya.

Wa njano (Labidochromis caeruleus) na wa bluu wenye mistari (nadhani unamaanisha demasoni) ni mbuna. Mbuna ni neno la wavuvi wa Malawi, samaki wa kwenye mawe. Wengi wao wanakula mwani na vilivyomo ndani ya mwani, matumbo yao ni marefu, wana fujo, na jiwe kwao ni mali ya kupigania. Wale wa rangi za tausi ni Aulonocara. Hao wanakaa pale mawe yanapokutana na mchanga, wananing'inia juu ya mchanga wakisikilizia vidudu vinavyotembea chini, kisha wanachota. Ni wapole. Ukimweka Aulonocara dume na mbuna wenye hasira, rangi ile uliyoilipia hutaiona: anafifia, anajificha, anakonda.

Mbuna pekee ninayemwamini kukaa na Aulonocara ni huyo wa njano. Ziwani anakula zaidi vidudu, kwa hiyo chakula chao hakigongani sana, na hasira yake ni ya kawaida. Pengine hujui: ziwani wengi wa jamii yake ni weupe. Wa njano wanatoka sehemu ndogo tu upande wa Malawi.

Demasoni ni mwenzetu kabisa, wa Pombo Rocks, upande wa Tanzania, aliandikwa na wanasayansi mwaka 1994. Mdogo, sentimita 7 au 8, lakini usidanganywe na udogo. Dume na jike wanafanana rangi, na dume anamchukia kila anayefanana naye. Ukiweka watatu atabaki mmoja. Ukiweka wanne atabaki mmoja. Dawa ni kuweka 12 au zaidi, mawe mengi mpaka karibu na juu ya maji, ili hasira igawanyike asipatikane mmoja wa kuonewa.

Kwa tangi lako ningefanya hivi: labido wa njano 6, wale wa rangi ya kutu (Iodotropheus sprengerae) 6, na acei 6. Acei ana zambarau ya bluu na mapezi ya njano, ziwani anakwangua mwani kwenye magogo yaliyozama, na tofauti na mbuna wengine anapenda kuogelea juu. Hapo una wa chini, wa kati na wa juu, rangi tatu zisizofanana. Hilo la kutofanana ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, maana dume humpiga kwanza anayevaa kama yeye.

Kila jamii dume mmoja kwa majike matatu au zaidi. Jike mmoja na dume mmoja wa mbuna ni kumhukumu jike kifo, atafukuzwa usiku na mchana.

---

#4 Kioo Kinene

Mkuu nakuheshimu lakini hapa unawatisha watu. Mimi nina mbuna, Aulonocara, na hata venustus pamoja, mwaka wa pili huu, wote wazima na rangi zinawaka.

---

#5 Mwana wa Kibirizi

Kioo Kinene, naamini. Tangi lako ni lita ngapi, na una majike?

---

#6 Kioo Kinene

Lita 650. Majike sina, nilichagua madume tu, kila jamii mmoja mmoja.

---

#7 Mwana wa Kibirizi

Basi umetoa siri mwenyewe, na nashukuru umeileta. Madume watupu, hakuna jike wa kugombewa, hakuna wawili wanaofanana, na maji karibu mara tatu ya tangi la dada hapo juu. Hiyo ni njia halali na inapendeza sana. Gharama yake ni kwamba hutapata vifaranga, na ukileta jike mmoja tu kwa bahati mbaya, amani imekwisha siku hiyohiyo. Venustus naye fuatilia, anafika sentimita 25 na ni mwindaji wa samaki wadogo. Mwaka wa kwanza usiwe kipimo cha mwaka wa tatu.

Kwa auratus sibadilishi neno. Dukani anapendeza kuliko wote, wa njano mwenye mistari mieusi. Ndivyo walivyo watoto na majike. Dume akikomaa anageuka mweusi na kutawala kwa meno. Mwenye tangi la kwanza asimnunue.

---

#8 Furu wa Kisumu

Salamu kutoka Kisumu. Mbona hamwongelei ziwa letu? Huku tunao hao wadogo tunaowaita fulu, na sioni watu wakiwafuga.

---

#9 Mwana wa Kibirizi

Ndugu wa Kisumu, karibu. Mwanza wanaitwa furu, Uganda enkejje. Na hili ni jambo linalonigusa.

Sangara alipandikizwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, na alipolipuka miaka ya 1980 furu waliporomoka. Jamii zinazokadiriwa kufika mia mbili zilitoweka au zikabaki chache mno. Maji nayo yalichafuka kwa mbolea na udongo, na hapo ndipo pana somo kwa sisi wa matangi. Majike wa furu karibu wote ni kijivu, wanamchagua dume kwa rangi yake. Watafiti walionyesha miaka ya 1990 kwamba jike akiwekwa chini ya mwanga unaoficha rangi, hawezi kumtofautisha dume wa jamii yake na wa jamii jirani. Ziwani, maji ya tope yanafanya kazi hiyohiyo, jamii mbili zinaungana kuwa moja.

Kwa hiyo ukifuga furu, jamii MOJA kwa tangi. Usiweke mbili zenye majike yanayofanana, utapata machotara, na taa yako iwe nyeupe ya kawaida, si ya bluu tupu. Hilo hilo ni kwa Aulonocara wa Nyasa.

Wa kuanza naye ni Pundamilia nyererei. Ndiyo, soma jina tena. Jina la jenasi limetoka kwenye Kiswahili chetu, punda milia, kwa ajili ya mistari, na jina la jamii ni la Mwalimu, aliitwa hivyo mwaka 1985. Dume ana mgongo mwekundu, ubavu wa njano wenye mistari myeusi. Nilipomwona mara ya kwanza kwenye kioo nilisimama muda mrefu. Lita 200, dume mmoja, majike matano au zaidi, mapango machache, basi. Na kwenu Kenya kuna furu mdogo wa Ziwa Kanyaboli, Siaya, mwenye kijani na nyekundu.

Wenye kutaka kuvua wenyewe: uvuvi wa samaki wa mapambo una leseni zake, pita ofisi ya uvuvi kwanza. Na samaki aliyekushinda asirudishwe ziwani wala mtoni, hata kama unadhani ndiko alikotoka.

---

#10 chumba_kimoja

Mimi napanga chumba kimoja, tangi ni lita 60 tu. Nimesoma mpaka hapa nimekata tamaa. Nibaki na gapi, wale samaki wadogo wa kawaida?

---

#11 Mwana wa Kibirizi

Usikate tamaa kabisa, mdogo wangu. Wewe ndiye utakayeona maajabu kuliko wote humu.

Tafuta Neolamprologus multifasciatus, wa Tanganyika. Ni miongoni mwa siklidi wadogo kuliko wote duniani, dume sentimita 4 au 5, jike 3. Kule ziwani wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono yaliyolundikana chini. Weka mchanga laini kina cha sentimita 5, makombe 15 mpaka 20 yenye mlango wa kama sentimita 2, uliyoyachemsha vizuri. Anza na samaki 6. Utawaona wanahamisha mchanga kwa mdomo, kila mmoja anachimba kuzunguka kombe lake, wanapima mipaka kama majirani wa uswahilini. Baada ya miezi kadhaa vifaranga wanachungulia milangoni na wazazi hawawali.

Wenzao tangini? HAKUNA. Lita 60 ni zao peke yao.

Mwenye lita 250 anaweza kuwa na Tanganyika nzima ndogo, na huu ndio mpango ninaoupenda kuliko wowote: cyprichromis 10 au 12 juu (funika tangi, wanaruka), jozi moja ya Julidochromis kwenye lundo la mawe upande wa kushoto, hao wa makombe upande wa kulia kwenye mchanga, na Altolamprologus calvus mmoja au wawili, bapa kama sahani, wakipenya kwenye nyufa. Calvus atakula baadhi ya vifaranga, lakini kwa utaratibu. Kila mmoja ana mtaa wake, hakuna anayemwingilia mwenzie.

---

#12 Ukingo wa Uvira

Mimi niko Uvira, ng'ambo ya ziwa. Bwana, ongezea onyo la brichardi. Mimi niliwaweka wawili na samaki wengine, wakazaa, kisha hakuna mwingine aliyebaki.

---

#13 Mwana wa Kibirizi

Ahsante jirani, umenikumbusha. Neolamprologus brichardi ana mapezi marefu mazuri mno, jina ni la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura. Watoto wao wakikua hawaondoki. Wanabaki nyumbani kulinda mayai na wadogo zao, kizazi juu ya kizazi, na ukoo ukiwa mkubwa unasukuma kila mgeni kwenye kona mpaka afe. Ni familia ya kuigwa, ila wapewe tangi lao.

Na Tropheus, wakwangua mwani wa Tanganyika. Nawapenda kwa sababu ndio niliowaona kwanza majini, na mmoja wao, duboisi wa Maswa (ya pale Ziwa Tanganyika) akiwa mtoto, mweusi mwenye nukta nyeupe kama nyota, hana mfano. Lakini chakula chake ni karibu mwani tu. Ukimweka na frontosa anayetaka nyama, kila utakapomlisha frontosa unamuua Tropheus: tumbo linavimba, anatoa kinyesi cheupe kama uzi, siku tatu nne kwisha. Wanataka kundi la 15 au zaidi, lita 300 kwenda juu. Mimi mwenyewe nilipoteza tisa kwa wiki moja kwa sababu niliondoka safari na aliyebaki nyumbani aliwapa chakula cha minyoo. Hakukosea, sikumwachia maelezo.

---

#14 mama_vioo

Mkuu, na maji? Sisi tunatumia kisima, yana chumvi kidogo. Na samaki wa chini, yaani wasafishaji, nichukue yupi?

---

#15 Mwana wa Kibirizi

Chumvi unayoionja na ugumu wa maji ni vitu viwili. Siklidi wetu wanataka maji magumu yenye chokaa na magnesi, si chumvi ya mezani. Nunua kipimo cha matone cha pH (uasidi au ubesi wa maji): Nyasa pH 7.7 mpaka 8.6, Tanganyika karibu 9. Ikishuka, weka kwenye mfuko wa filta vipande vya mawe ya matumbawe ya kujengea, yale yanayochimbwa nchi kavu, uliyoyaosha sana. Yanayeyuka polepole na kushikilia pH yenyewe. Maji ya bomba yaondoe klorini kwanza.

Hapa pana hatari wengi hawaijui. Amonia inayotoka kwenye kinyesi ni kali zaidi pH ikiwa juu. Kwenye pH 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye 8.5 na joto la nyuzi 27 inapita asilimia 15. Kwa hiyo tangi jipya liendeshe wiki nne mpaka sita filta ikomae, pima mpaka amonia na naitraiti (sumu nyingine inayotokana na amonia) zisome sifuri, ndipo ulete samaki, na kila wiki badilisha robo ya maji. Dar hita huhitaji. Unachohitaji ni pampu ya hewa ya betri kwa siku umeme ukikatika, maana maji ya joto hayashiki hewa nyingi.

Wa chini chukua jamii ya gogogo wa Tanganyika, Synodontis petricola, watatu au zaidi. Ana miiba, mbuna hawamwezi, na anapenda maji hayohayo. Nduguye, multipunctatus, ana tabia ya kustaajabisha: siklidi wanaolea mayai mdomoni wakitaga, yeye anapita katikati yao na kutaga yake, jike anayaokota yote. Watoto wa gogogo wanaanguliwa mapema mdomoni humo na kuwala wa mwenye nyumba. Kama unataka vifaranga vya siklidi, usimchukue huyo.

---

#16 Tabata 200L

Wakuu, mimi ndiye mwenye lile tangi. Oska amechukuliwa na jamaa mwenye tangi lake peke yake, frontosa wamekwenda kwa mtu mwenye lita 700, auratus wamerudi dukani, samaki wa dhahabu yuko kwenye beseni anapona mkia. Nimebaki na labido watano, juzi nimeongeza wa rangi ya kutu sita. Kimya kabisa, hata mimi nalala.

Ila leo nina hofu. Labido mmoja hajala siku nne. Amejitenga nyuma ya jiwe, kidevu kimevimba, anatafuna-tafuna bila chakula. Ni ule ugonjwa wa kuvimba?

---

#17 Mwana wa Kibirizi

Angalia vizuri: kilichovimba ni koo, chini ya taya, au ni tumbo? Na kinyesi ni cheupe kama uzi?

---

#18 Tabata 200L

Koo. Tumbo limeingia ndani kabisa. Kinyesi sijaona.

---

#19 Mwana wa Kibirizi

Huyo ana mayai mdomoni, ndugu yangu. Anayatafuna ili yageuke na yapate hewa. Atakaa hivyo kama wiki tatu na hatakula, au atadokoa kidogo sana. Usimkimbize na wavu, akishtuka atayatema. Leo zima taa mapema, na kesho ongeza lundo la mawe madogo yenye nyufa nyembamba kwenye kona ile aliyojitenga, nyufa ambazo wakubwa hawapiti. Akiwaachia vifaranga, watakuwa na urefu wa kama sentimita moja na rangi ya njano iliyopauka. Wasagie chakula kiwe unga, mara tatu kwa siku.